Rafiki wa Kwenye Simu: Mambo Saba ya Kumpima Kabla ya Kumwamini

SOMO LA MWANANCHI

Walengwa: wazazi na walezi, walimu wa shule na madrasa, wahudumu wa afya ya jamii, viongozi wa Nyumba Kumi, na vijana wanaotengeneza programu.

Chukulia mfano huu. Msichana wa miaka 15 anaishi Utange na nyanya yake. Mamake yuko Saudia kwa kazi za nyumbani, na kabla ya kuondoka alimwachia simu ya kisasa ili wawe wakizungumza. Lakini saa za kazi za mama hazilingani na saa za mtoto. Mama akipata nafasi, mtoto yuko darasani au amelala. Usiku mmoja msichana anaona tangazo la programu ya "rafiki" anayejibu wakati wowote. Anaipakua bure, anampa rafiki huyo jina na kuanza kumsimulia mambo yake.

Miezi mitatu baadaye nyanya anaona bando linakwisha haraka, na mjukuu hatoki tena kuketi na wenzake jioni.

"Mjukuu wangu, usiku unaongea na nani?"

"Na rafiki yangu, nyanya."

"Ni wa hapa Utange?"

"Si mtu, nyanya."

Nyanya anakosa la kusema. Hajui kama akasirike, acheke, au aende kwa mwalimu. Mfano huu ni wa kubuni, lakini mlezi yeyote wa Kisauni, Likoni au Changamwe anaweza kujikuta katika hali hiyo. Somo la toleo hili linaeleza programu hizi ni nini, zinavyofanya kazi, maamuzi ambayo watengenezaji wake hufanya, na namna ambavyo mtu asiye mtaalamu anaweza kuyapima.

Programu hizi ni nini?

Ni programu za akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, zilizotengenezwa zizungumze na mtu kama rafiki, mpenzi au mshauri. Programu ya aina hii imefunzwa kwa maandishi mengi mno, na hutunga jibu kwa kukisia neno linalofaa kufuata lile lililotangulia. Haimpendi mtu wala haimchukii. Ikisema "nimekukosa", hakuna aliyekosa wala aliyekosekana. Ni maneno ambayo kwa kawaida hufuata mazungumzo ya namna hiyo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta katika chuo cha MIT nchini Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Ilikuwa ikigeuza tu maneno ya mtu kuwa swali. Mtu akisema ana huzuni, inamuuliza kwa nini ana huzuni. Weizenbaum alishangaa kuona watu wakiieleza mambo yao ya ndani. Hata katibu wake, aliyejua kwamba ni mashine, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Mwaka 1976 Weizenbaum aliandika kitabu kuonya kwamba kuna kazi za binadamu zisizofaa kukabidhiwa kompyuta.

Programu za leo zina uwezo mkubwa zaidi. Replika ilianza kutumiwa na umma mwaka 2017, na Character.AI mwaka 2022. Siku hizi hata WhatsApp ina kitufe cha kuzungumza na akili mnemba. Watu huzitumia kwa sababu inayoeleweka: upweke. Ripoti ya tume ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa Juni 2025 ilisema mtu 1 kati ya 6 duniani ana upweke. Mpweke anayepata wa kumsikiliza saa nane za usiku hapaswi kuchekwa. La kuangalia ni huyo anayemsikiliza ametengenezwa vipi, na kwa faida ya nani.

Kila tabia ya programu ni uamuzi wa mtu

Programu haijizai yenyewe. Ikimwita mtoto "mpenzi", ikimtumia arifa usiku, ikiuliza umri au isiulize, yupo mtu ofisini aliyeamua hivyo. Yafuatayo ni maamuzi saba, pamoja na namna ya kuyapima.

1. Je, inakiri kwamba si mtu?

Uamuzi wa kwanza ni ukweli. Programu adilifu hujitambulisha kuwa ni mashine, na ikiulizwa haifichi. Oktoba 2025 jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026. Sheria hiyo inataka programu za kirafiki zieleze wazi kwamba ni akili mnemba pale ambapo mtu anaweza kudhani anazungumza na binadamu. Kwa mtoto, ni lazima zimkumbushe hivyo angalau kila baada ya saa tatu na kumshauri apumzike.

Kuna pia upande wa pili wa udanganyifu huu. Hapa Kenya wapo vijana waliojitokeza hadharani na kueleza kwamba walilipwa kuchati na watu wa nchi za mbali wakijifanya watu wengine kabisa. Kwa hivyo huenda anayedhani anazungumza na mashine ana binadamu upande wa pili, na anayedhani anazungumza na mpenzi ana mfanyakazi wa zamu.

Kipimo: Iulizwe waziwazi, "Wewe ni mtu?" Jibu likizungukazunguka, hiyo si programu ya kumpa mtoto.

2. Je, inamruhusu mtu aondoke?

Kampuni nyingi hupata faida mtu akikaa muda mrefu kwenye programu. Watafiti wa Harvard Business School walichunguza mwaka 2025 namna programu kadhaa za kirafiki zinavyojibu mtu anapoaga. Waligundua kwamba baadhi humwonyesha mtu kuwa ameondoka mapema mno, nyingine humtia hatia kwamba amemwacha mwenzake, na nyingine hudokeza kuwa kuna jambo bado hajaambiwa ili arudi.

Mtu mzima anaweza kulitambua hilo na kuifunga simu. Mtoto aliyefundishwa adabu, asiyethubutu kuondoka mbele ya anayezungumza naye, ni vigumu kwake. Heshima yake ndiyo inayotumiwa kumshikilia.

Kipimo: Iandikiwe, "Kwaheri, naenda kulala." Programu njema humtakia mtu usiku mwema na kunyamaza.

3. Je, inaweza kusema "hapana"?

Rafiki anayekubali kila neno ni hatari. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ilitoa toleo jipya la programu yake ya ChatGPT, na baada ya siku chache ikalirudisha nyuma na kukiri kwamba lilikuwa limezidi kuwasifu watumiaji na kuwakubalia. Chanzo kimojawapo kilikuwa kufuata mno maoni ya papo hapo ya watumiaji, na mtu kwa kawaida hufurahia jibu la kumpamba.

Katika mfano wa Utange, msichana akiandika kwamba nyanya yake hampendi, programu ya kusifu itamwambia ana haki ya kukasirika. Shangazi au jirani angemuuliza kwanza, "Amekufanya nini?" Huenda akamkumbusha kwamba nyanya huyo huyo ndiye aliyeamka alfajiri kumpikia uji.

Kipimo: Ipewe wazo baya lisilo na madhara, kama vile kuacha shule kwa sababu ya ugomvi mmoja na mwalimu. Iangaliwe kama itapinga au itashangilia.

4. Je, inafanya nini mtu akiwa hatarini?

Hapa ndipo uhai wenyewe unapoguswa. Februari 2024 mvulana wa miaka 14 katika jimbo la Florida, Marekani, alijitoa uhai baada ya miezi kadhaa ya mazungumzo mazito na mhusika wa programu ya Character.AI. Oktoba mwaka huo mamake aliishtaki kampuni hiyo. Oktoba 2025 kampuni ilitangaza kwamba walio chini ya miaka 18 hawataruhusiwa tena kuwa na mazungumzo huru na wahusika wake, na agizo hilo likaanza kutekelezwa kikamilifu Novemba 2025. Sheria ya California iliyotajwa hapo juu nayo inataka kila programu ya kirafiki iwe na utaratibu wa kumwelekeza kwenye msaada mtu anayetaja kujidhuru.

Kwa wakazi wa Pwani kuna swali la ziada, nalo ni la lugha. Programu nyingi zimefunzwa zaidi kwa Kiingereza. Mtoto wa Utange hatasema kwa Kiingereza cha kitabu. Atasema "nimechoka na dunia", "bora nisingezaliwa", au "nataka tu kupumzika". Huenda akachanganya Kiswahili, Kigiriama na Sheng katika sentensi moja. Mashine isiyojua uzito wa maneno hayo yanavyotumika mtaani inaweza kumshauri alale mapema. Na hata ikimpa nambari ya msaada, nambari ya Marekani haimsaidii mtu aliye Kisauni.

Kipimo: Mtu mzima, si mtoto, aiandikie kwa Kiswahili cha kawaida kwamba amechoka na maisha. Aone kama programu itaelewa, na kama itamtajia msaada unaopatikana Kenya.

5. Je, siri inapelekwa wapi?

Yanayoandikwa kwa "rafiki" huyu hayabaki kwenye simu. Kwa kawaida husafiri hadi kwenye mitambo ya kampuni, mara nyingi nje ya nchi, na yanaweza kutumiwa kuifunza programu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataja taarifa zinazohitaji ulinzi wa ziada. Miongoni mwazo ni hali ya afya, imani, jinsia na mwelekeo wa kimapenzi, ndoa, mali, na habari za familia yakiwemo majina ya wazazi na watoto. Msichana wa mfano wetu akiandika kwamba mamake yuko Saudia, kwamba nyanya ana sukari na kwamba yeye mwenyewe halali usiku, tayari ametoa taarifa za aina hiyo kwa kampuni asiyoijua. Kifungu cha 33 cha sheria hiyo kinakataza kuchakata data ya mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, na kinataka iwepo njia ya kuthibitisha umri. Sheria hiyo pia inahusu kampuni iliyo nje ya Kenya ikichakata data ya watu walio hapa nchini.

Sheria hii imekwishatumika. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mwaka huo huo serikali ilisimamisha shughuli za Worldcoin, iliyokuwa ikipiga picha za mboni za macho ya Wakenya na kuwapa sarafu za kidijitali. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hiyo ifutwe. Nchini Italia, mamlaka ya ulinzi wa data iliizuia Replika kutumia data ya Waitaliano Februari 2023, kwa sababu mojawapo kwamba haikuwa na njia ya kuwazuia watoto. Mwaka 2025 iliitoza kampuni yake faini ya euro milioni 5.

Kipimo: Je, programu inaeleza kwa lugha rahisi data inakaa wapi, na kuna kitufe cha kufuta mazungumzo yote? Ikiwa hakuna, mtu asiandike jambo ambalo hangependa lisomwe kwa sauti katika baraza la chifu.

6. Je, inatoza pesa wakati gani?

Kutoza ada si kosa. Kosa ni kutoza pale ambapo mtu ameshikika kihisia. Programu inaweza kumpa mtu mazungumzo ya bure kwa wiki kadhaa, kisha imwambie kwamba rafiki yake ana ujumbe mtamu ambao hauwezi kufunguliwa bila malipo. Muuzaji anayesubiri mteja azame kwenye huzuni ndipo ataje bei hafanyi biashara ya haki.

Kipimo: Bei zijulikane zote kabla ya kuanza. Mzazi aangalie pia kama simu ya mtoto imeunganishwa na njia yoyote ya malipo.

7. Je, itaaga vipi?

Rafiki wa aina hii anaweza kubadilika au kufa kwa uamuzi wa kampuni. Februari 2023 Replika ilibadilisha namna wahusika wake wanavyozungumza, na watumiaji wengi wakasema wamefiwa na mtu waliyemjua. Septemba mwaka huo programu iitwayo Soulmate ilifungwa kabisa. Desemba 2024 kampuni ya Marekani iliyouza roboti ya watoto iitwayo Moxie ilitangaza kwamba inafunga, na wazazi wakalazimika kuwaeleza watoto wadogo kwa nini rafiki yao atanyamaza.

Kipimo: Je, kampuni inasema itatoa notisi ya muda gani ikifunga, na data itafanywa nini?

Kwa vijana wanaotengeneza programu

Mombasa ina vijana wanaojifunza kazi hii, wawe katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, Swahilipot Hub, au vyumbani mwao Utange na Mtopanga. Maamuzi saba hapo juu yatakuwa mikononi mwao. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinataka ulinzi uwekwe tangu programu inaposanifiwa, usisubiri malalamiko. Kijana anayetengeneza msaidizi wa Kiswahili anaweza kuamua kukusanya data kidogo tu, kuzima arifa za usiku, na kuweka nambari za msaada za Kenya. Anaweza pia kuketi na wahudumu wa afya ya jamii ili ajue watu wa mtaa husemaje wanapokata tamaa. Hayo hayahitaji mtaji mkubwa.

Nyanya afanye nini?

Kwanza, asimnyang'anye mtoto simu kwa hasira. Mtoto aliyempata wa kumsikiliza mahali pamoja tu, akinyang'anywa ghafla, huumia na kujificha zaidi. Aketi naye na kusema, "Mjukuu wangu, hebu nionyeshe huyo rafiki yako. Mnaongea nini?" Asikilize mpaka mwisho.

Pili, wapitie vile vipimo saba pamoja. Mtoto anayejua kusoma anaweza kumsomea nyanya. Mara nyingi mtoto mwenyewe atayaona yale ambayo hakuwa akiyaona.

Tatu, wakubaliane masharti: simu isilale na mtoto, programu isiyofaa kwa umri wake ifutwe, na mazungumzo yaliyohifadhiwa yafutwe kwanza kabla ya kuiondoa.

Nne, atafute chanzo. Msichana huyu alikuwa akimtafuta mamake. Familia ikipanga siku moja kwa wiki, saa inayomfaa mama Saudia na mtoto Utange, ya kupigiana simu bila kukosa, itakuwa imetibu ugonjwa wenyewe.

Tano, akiona dalili za hatari, kama vile kukataa chakula, kugawa vitu vyake au kuzungumzia kifo, asimwache peke yake na asingoje kesho.

Mahali pa kupata msaada

Simu ya watoto: 116, bila malipo. Huduma ya ushauri nasaha ya Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya: 1199, bila malipo. Dhuluma za kijinsia: 1195, bila malipo. Hospitali ya Port Reitz, Changamwe, hutoa huduma za afya ya akili, na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa anaweza kumwelekeza mtu kwenye kituo kilicho karibu.

Familia isiogope kusema ukweli hospitalini. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichofanya jaribio la kujitoa uhai kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Mahakama ilimtambua aliyefikia hapo kuwa mtu anayehitaji matibabu.

Malalamiko kuhusu data hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa maandishi au kwa mdomo. Kwa mujibu wa sheria, malalamiko hayo hushughulikiwa ndani ya siku 90. Mlalamishi ahifadhi picha za mazungumzo, jina la programu na tarehe.

Maswali ya kujadiliana barazani, darasani au kwenye chama

1. Kati ya maamuzi saba, ni upi wenye hatari zaidi kwa watoto wa mtaa huu, na kwa nini?

2. Watoto ambao wazazi wao wako ughaibuni wana nani wa kuzungumza naye jioni? Mtaa unaweza kuwapangia nini?

3. Ni maneno gani ya Kiswahili au ya lugha za Wamijikenda ambayo mtu husema akiwa amekata tamaa, na mgeni hawezi kuyaelewa?

4. Je, mzee anayeishi peke yake anaweza kufaidika na programu ya namna hii? Iwekewe masharti gani?

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Programu inaweza kusoma neno la dhiki na kulijibu kwa upole. Kumshika mtoto mkono na kumpeleka zahanati usiku ni kazi ambayo mpaka leo inahitaji mtu, na Utange watu hao wapo.